Kabureta Nne na Mguu wa Cherehani

Ukifika kwake na pikipiki, hakusalimii wewe kwanza. Anaisalimia pikipiki. Anaizunguka mara moja, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, anaweka kiganja juu ya tangi la mafuta, halafu ndiyo anakutazama usoni na kukuuliza umeifanya nini. Haulizi imepata nini. Umeifanya nini. Nimekwenda kwake zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi hata siku moja kufika pale kama mtu asiye na kosa.

Nitamwita Fundi, maana hata mkewe humwita hivyo. Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo sikuuliza. Najua tu alitoka upande wa Kagera, na ninalijua hilo kwa sababu haipiti wiki hajanikumbusha kwamba ndizi tunazokula hapa Mwanza si ndizi. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nimekulia kwenye ugali na michembe, yaani viazi vitamu vya kukausha, ndizi zote kwangu ni ndizi. Basi hapo tulikuwa na ubishi wa kututosha miaka yote hiyo.

Gereji yake iko Butimba, ukishapita chuo cha ualimu unapanda kidogo kwenye mawe. Naiita gereji kwa heshima. Ni bati chache juu ya miti, jiwe moja kubwa ambalo hakuna aliyeweza kulisogeza kwa hiyo likawa kiti cha wateja, benchi la mbao, na baraza ambapo mkewe ameweka cherehani yake ya miguu. Nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga. Kutwa nzima mtu anasaga, mtu anashona, mtu anapigisha injini, na katikati ya kelele zote hizo Fundi alijenga jina lake kama mtu mwenye sikio.

Ngoja nieleze sikio hilo lilihitajika wapi.

Pikipiki yangu si kama hizi za bodaboda. Niliinunua kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ni kubwa, ya safari ndefu, ina kioo mbele, kiti kama kochi, na masanduku mawili pembeni. Padre alibebea vitu vya misa kwenda vigangoni, mimi nikabebea mitumba kwenda minadani. Nadhani ilinisamehe. Injini yake ina silinda nne, na kila silinda ina kabureta yake, yaani kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa na kuilisha injini. Pikipiki ya kawaida ina kabureta moja, inakula peke yake, haigombani na mtu. Zikiwa nne lazima zivute sawasawa. Moja ikivuta zaidi ya wenzake, injini inatetemeka kama mtu wa malaria, vioo vya pembeni vinaonyesha ukungu, na mikono inakufa ganzi. Nimewahi kufika mnadani nikashindwa kufungua fundo la kamba mpaka nikamwomba mteja anifungulie.

Vijana wenye gereji zao huko Ilemela wakiona kabureta nne wanakuna kichwa na kukuuliza kwa nini huiuzi. Fundi hakuuliza hivyo. Alikuwa na kipande cha mpira mweusi, urefu wa mkono. Anafungua kichujio cha hewa, anaiwasha injini, anaiacha ingurume polepole, halafu anaweka ncha moja ya mpira kwenye mdomo wa kabureta na ncha nyingine sikioni. Anasikiliza inavyovuta pumzi. Anahamia ya pili, ya tatu, ya nne, kisha anarudi na bisibisi na kugusa skrubu kidogo sana, mguso ambao wewe unayetazama hujui kama umegusa au umekusudia kugusa. Ikikaa sawa anasema, “Hiyo sasa.” Hasemi lingine. Ukimshukuru anakwambia nenda.

Na alikuwa na mpango wake ambao hakuubadilisha. Anazipatanisha kwanza mbili za kushoto, zenyewe kwa zenyewe. Kisha mbili za kulia. Halafu ndiyo anakwenda kwenye skrubu ya katikati kukutanisha pande mbili. Ukimwambia aanze katikati kwa sababu una haraka, anaweka bisibisi chini.

Mpango huohuo aliupeleka kwenye ugomvi wa watu. Jirani wawili waligombania maji ya mvua, bati la huyu likimwaga uani kwa yule, wakamwita Fundi kwa kuwa ni mzee wa kanisa kule kwa Walutheri. Akakataa kuwakutanisha. Alikwenda nyumba ya kushoto peke yake, akakuta mume na mke hawaelewani hata kuhusu hilo bati, akawapatanisha. Akaenda nyumba ya kulia, vilevile. Siku ya tatu aliwaita wote wanne, na kikao hakikumaliza hata kikombe cha chai. Watu wakasema mzee ana busara. Mimi nikasema ana kabureta.

Ila nyumbani kwake hakuweza. Walinuniana na mkewe juma zima kwa sababu alitumia mkasi wake wa nguo kukatia gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia injini. Akanifuata mimi, mtu wa mitumba, kuniuliza aanzie wapi. Nikamwambia aanze kushoto kama kawaida yake.

“Kushoto ni mimi,” akasema.

“Basi jipatanishe.”

Hakunisemesha siku nne.

Mtu huyu alikuwa na mambo yaliyopingana vibaya. Alichukia kelele na alikuwa anaongea kama anaita mtumbwi urudi. Alisema mteja asimweleze ugonjwa, aiwashe tu, injini ijieleze yenyewe, halafu yeye anakueleza habari za mahubiri ya Jumapili kwa nusu saa ukiwa umeshika helmeti. Kanisani alikaa benchi la mbele kabisa. Nilimsifia moyoni kwa uchaji, mpaka nilipoalikwa kwenye harusi ya binti yake nikakaa nyuma yake. Mchungaji akatoa utani, kanisa likacheka. Fundi akageuka, akatazama watu wanavyocheka, ndipo naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko sisi sote. Kwenye wimbo alikuwa ubeti wa pili wenzake wakiwa wa tatu. Nikajisemea, uzee, hata mimi nachanganya beti.

Sikujua kwamba ndilo jambo lenyewe. Masikio ya Fundi yalikuwa yanaondoka, na alikuwa amekata shauri kwamba hakuna atakayejua. Nani atampelekea pikipiki fundi wa sikio asiye na sikio? Alikuwa ameanza kuhamisha mpira kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia. Niliona. Nikadhani amechoka mkono.

Nilikuja kujua siku ya mashine ya kusaga. Nilikuwa nimemletea pikipiki yangu, wala haikuwa na shida kubwa, nilitaka aiangalie tu kabla ya safari ya Magu. Akaiwasha, akaweka mpira, akakunja uso. Akagusa skrubu. Akakunja uso tena. Akaniambia kuna mtetemo wa chini, mzito, unatoka tumboni mwa injini. Mimi sikusikia mtetemo wowote, lakini nani mimi. Alivua viatu, akachuchumaa peku pale kwenye saruji, akahangaika saa mbili nzima. Mara umeme ukakatika. Nyuma ya ukuta mashine ya kusaga ikazima, akina mama wenye mahindi wakaanza kulalamika. Fundi akanyoosha mgongo, akafuta jasho.

“Hiyo sasa,” akasema.

Saa mbili alikuwa anatengeneza mashine ya kusaga kwa kutumia pikipiki yangu. Mtetemo aliupata kwa nyayo, ukampandia miguuni, akaamini ni wa injini. Na kwa kuwa zile skrubu alizigusa kwelikweli, niliondoka pale na pikipiki mgonjwa niliyoileta mzima. Magu nilifika meno yakigongana. Sikumwambia mtu. Nilirudi baada ya siku tatu, nikamwambia nimeangukia shimo. Akaniuliza nimeifanya nini, na safari hiyo ndiyo pekee nilitamani kumjibu.

Sasa kilichonishangaza ni hiki. Niliporudi, aliitengeneza ikatengenezeka. Ikawa laini kama zamani. Mtu asiyesikia kitu anawezaje? Kazi hii haina kubahatisha, skrubu tatu, ukikosea moja zote zinalia.

Jibu nililipata kwa sababu ya oili. Benchi ninalokaliaga lilikuwa limemwagikiwa oili, basi nikakaa juu ya lile jiwe, na kutoka kwenye jiwe unaliona baraza lote. Fundi ameinama, mpira sikioni, macho ameyafumba nusu kama mtu anayesali. Nikaona hayakufumbwa. Yalikuwa yanatazama pembeni, chini ya cherehani, kwenye mguu wa mkewe.

Mama yule alikuwa anashona sare za kwaya. Mguu unakanyaga, unakanyaga. Fundi akigusa skrubu, mguu unaendelea. Akigusa tena, mguu unaendelea. Akagusa kidogo upande ule mwingine, injini ikatulia, na mguu ukasimama. Fundi akavuta mpira sikioni, akasema lile neno lake.

Nilirudi mara mbili wiki ile na visingizio vya uongo ili nihakikishe. Ni hivyohivyo. Yeye anashika bisibisi, mke anakanyaga cherehani kwa sikio, na wateja tunamsifia mpira.

Siku Fundi alipokwenda mjini kutafuta spea nilimwendea mkewe. Namwita shemeji, ananiita shemeji, tunataniana tangu zamani. Nikamwambia shemeji, huo mguu wako nimeuona. Akanitazama juu ya miwani, akauma uzi, akasema nimechelewa, yeye alidhani ningeuona mapema, nilivyo mbea.

Akanieleza kwamba mwanzoni wala hakukusudia. Injini ikienda vibaya inamvurugia mguu, ikienda vizuri anajikuta amesimama anaisikiliza. Siku moja akainua macho akamkuta Fundi anamtazama mguu. Tangu hapo akawa anausimamisha makusudi. Miaka mitatu sasa.

“Mmepanga?” nikamuuliza.

“Hatujawahi kuliongea. Akiliongea litakuwa kweli.”

Nikataka kujua kama hajawahi kumdanganya. Akasema kumdanganya hapana, ila kuna siku mguu unasimama kwa sababu uzi umekatika tu, na yeye Fundi huyo, anafunga na kusema hiyo sasa. Nikamuuliza kuhusu pikipiki yangu, ile kazi ya kabla ya Pasaka. Akaweka nguo chini, akacheka mpaka akashika meza.

“Ile ilikuwa uzi, shemeji.”

Na mimi mnada mzima wa Misungwi nilikuwa nimewatangazia watu kwamba safari hii mzee amejizidi.

Tulicheka sana siku hiyo. Baadaye hatukucheka. Fundi alikuwa anavuka barabara pale chini kwenda kununua sabuni ya mikono, lori la mchanga likaja nyuma yake likipiga honi. Watu wa upande wa pili waliniambia lilipiga honi mpaka wao wakaziba masikio, na mzee anatembea tu, anatazama mbele, kama mtu anayekwenda benchi lake kanisani. Muuza nyanya akamdaka shati mgongoni akamvuta. Shati likachanika kuanzia kola mpaka kiunoni. Fundi alirudi nyumbani akalalamikia shati.

Nilimkuta mkewe analishona. Sikuthubutu kutania. Alishona mpaka mwisho, akakata uzi, ndipo akasema.

“Nikiendelea kumsaidia kuficha, iko siku wataniletea shati bila mtu.”

Akasema ameshamwambia mara ngapi waende hospitali, kuna vifaa vidogo vya kuweka sikioni, mwalimu mmoja pale chuoni anacho na anasikia hata anayenong'ona. Fundi alimjibu kwamba vifaa hivyo ni vya wazee. Umri wake umepita sabini. Basi yeye mama ameamua: ataondoa mguu. Hatamsema kwa watu, hatamwaibisha, ataondoa mguu tu, na hataurudisha mpaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hasikii.

Nitasema ukweli wangu. Jambo la kwanza nililofikiria si uhai wa Fundi. Nilifikiria pikipiki yangu. Nikamsihi angoje kidogo. Akaniuliza kama shati lile nimeliona vizuri au anisogezee.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwepo. Nimekaa juu ya jiwe, umeme hakuna, mashine ya kusaga kimya. Akaingia bwana mmoja wa makamo, mhandisi wa maji kutoka Bukoba, yuko na pikipiki ya safari kama yangu, silinda nne, lakini ameitunza mpaka nikaona aibu ya masanduku yangu. Alikuwa ameiacha barabara kuu pale Usagara kuja kwa Fundi tu, maana injini ilimtetemesha tangu Geita.

“Shikamoo, mzee.”

“Silinda nne,” Fundi akamjibu. “Umeifanya nini?”

Bwana yule akanitazama. Nikamwonyesha kwa kichwa aendelee. Akaeleza kwamba huko kwao wanasema Mwanza kuna mzee anaisikiliza kabureta kama daktari anavyosikiliza kifua. Hilo Fundi alilisikia lote, maana sifa zilikuwa bado zinamfikia bila shida. Akachukua mpira wake akaupuliza.

Injini ikawaka. Mbaya kweli, hata mimi nilisikia. Fundi akainama, mpira sikioni, macho nusu, akageuza skrubu ya kushoto na kutazama barazani.

Mkewe akaacha kukanyaga. Fundi akanyanyuka kidogo, kisha akaona kwamba hakuacha tu. Alikuwa amekunja nguo, ameiweka juu ya cherehani, ameinuka na kuja kukaa kwenye kigoda mbele ya mlango, miguu ameinyoosha mbele yake, mmoja juu ya mwingine, imetulia. Mikono mapajani. Anamtazama mumewe.

Fundi akageuza skrubu. Akatazama. Miguu imelala pale. Akageuza nyingine, injini ikazidi kulia. Akanitazama mimi. Naapa nilitaka kumsaidia, mguu wangu mwenyewe ulianza kuinuka wenyewe, nikaukanyaga kwa mwenzake na kuliangalia ziwa kule chini kama sijawahi kuliona. Jasho likamtoka mpaka likaingia kwenye mpira. Bwana wa Bukoba akatazama saa, akatazama mawingu, akasema kwa adabu kwamba labda arudi siku nyingine. Fundi akaendelea kugeuza, maana hilo hakulisikia.

Kisha akanyoosha mkono akaizima injini. Kuku wa jirani tukawasikia wanakwaruza.

“Mama,” akaita, bila kugeuka.

“Abee.”

“Sisikii.”

Mkewe akabaki kwenye kigoda, miguu palepale. Sijui kama alijua hilo ndilo lenyewe au alikuwa anangoja zaidi. Fundi akamgeukia yule bwana, akamwambia, kwa ile sauti yake ya kuitia mtumbwi, kwamba asamehewe, amemtoa njiani kwa jina la uongo. Masikio ya gereji hii miaka mitatu sasa ni ya huyu mama hapa. Yeye amebaki na mikono. Mikono ni mizima. Kisha akageuka kabisa kwa mkewe, na mpira ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

“Njoo unisikilizie.”

Mama akainuka. Hakwenda kwenye cherehani. Alikuja akapiga magoti pale penye oili na kitenge chake kizuri, akaupokea mpira, akaufuta ncha kwa upindo wa kitenge, akaufuta tena, maana masikio ya mumewe anayajua, ndipo akauweka sikioni. Fundi akawasha. Sasa hakufumba jicho hata moja. Alimtazama mkewe mdomoni waziwazi, mbele yetu.

Mbili za kushoto. Ongeza, akasema. Rudi. Hapo. Fundi akageuza, akarudi, akaacha. Mbili za kulia. Hizo zilisumbua, mama akamwambia asiwe na haraka, kabureta hazikimbii. Kisha katikati. Fundi akagusa ile skrubu kwa ule mguso wake ambao hujui kama amegusa, na ile injini ikashusha pumzi. Nimeendesha pikipiki ya namna hiyo miaka ishirini na sikuwahi kuisikia hivyo. Bwana wa Bukoba aliinama kuangalia kama haijazimika.

Mama akautoa mpira sikioni. “Imetulia,” akasema. “Na Jumatatu tunakwenda hospitali.”

Fundi akanigeukia. “Amesemaje?”

Nikamsogelea nikampigia kelele kwamba amesema imetulia, na Jumatatu mnakwenda hospitali.

Akachukua kitambaa, akaifuta bisibisi pande zote, akaifuta na mpini.

“Imetulia nilisikia mwenyewe,” akasema. “Hiyo Jumatatu ndiyo ilinipita. Saa ngapi?”